Nusu ya Kibla, Nusu ya Kusi

Mwanga wa Ndau hauombi ruhusa. Unashuka mweupe, unapiga sakafu nyeupe, unarudi machoni mweupe zaidi, na mwenye macho huyafumba. Ni miezi ya kaskazi. Wingu limekimbia, jani limejikunja, kisima kimegeuka chumvi, na sakafu ya jabia imelala uani ikimetameta. Utazame mwanga huo, ewe mwenye kiu. Umejaa tele, na haunyweki.

Watu wa Ndau hawana mto. Wana mvua, nayo huja kwa msimu wake, na asiyeikinga ataililia. Kwa hiyo hutandaza uani sakafu ya chokaa, pana, laini, iliyoinama kidogo, kidogo sana, ili tone likianguka lisitulie, litiririke, liingie katika birika lililochimbwa chini. Sakafu na birika, vyote pamoja, ndiyo jabia. Na roho ya jabia ni ule mwinamo. Ukizidi, maji hukimbia yakauruka mdomo wa birika. Ukipungua, maji husimama yakaoza. Ukipotoka, maji humwendea jirani, wala hayageuki nyuma kukuaga.

Maji hayana undugu. Maji hufuata mwinamo.

Bwana Famau aliyajua hayo kama alivyolijua jina lake. Alikuwa mjenzi wa majabia, mtu wa maneno machache na chokaa nyingi, na alipomaliza sakafu hakuipima kwa jicho. Jicho, alisema, ni shahidi wa kununuliwa. Aliweka ndimu juu ya sakafu akaiachia. Ndimu ikisita, alibomoa. Ndimu ikipiga mbio, alibomoa. Ndimu ikienda kwa mwendo wa bibi harusi, polepole na bila kugeuka, alinawa mikono akaomba kahawa.

Alizaa mabinti wawili, Radhiya mkubwa na Mwanamkisi mdogo, na kila mmoja alimjengea nyumba yake alipoolewa, kama ilivyo ada ya watu wake. Nyumba mbili, ua mmoja, jabia moja. Jabia lenyewe aliligawa kwa mgongo, tuta jembamba la chokaa lisilozidi kisigino, lililokwenda sawasawa kutoka mashariki hadi magharibi. Huku sakafu iliinamia kaskazini, upande wa kibla, kwenye birika la Mwanamkisi. Huku iliinamia kusini, unakotoka upepo wa kusi, kwenye birika la Radhiya. Nusu ya kibla, nusu ya kusi. Upana ule ule, mwinamo ule ule, ndimu ile ile. Alipokufa, watu walisema marehemu ameacha haki iliyotandazwa chini, kila mwenye miguu aikanyage.

Na waliikanyaga.

Ilianza hivi. Mwanamkisi alifiwa na mumewe, akaingia eda, nguo nyeupe mwilini, mlango nusu wazi, uso ukutani. Siku moja, mvua zikikaribia, Gharib mume wa Radhiya alipanda sakafuni na ufagio wake, kama alivyofagia kila mwaka, nusu yake na nusu ya shemeji. Hakukohoa. Hakubisha. Mwanamkisi alikuwa mlangoni, kichwa wazi, nywele zimefumuliwa, akitafuta upepo. Gharib aliona. Aliteremsha macho upesi, akaondoka na ufagio wake, lakini alikuwa ameshaona.

Mwanamkisi alimwendea dada yake kwa adabu. Alimwomba amwambie mumewe atoe sauti anapopita, au wasimamishe mkeka pale katikati mpaka eda iishe. Si ombi kubwa. Mkeka tu. Radhiya alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua uso. Alicheka puani.

"Mjane wewe," alisema. "Nani wa kukutazama?"

Yako maneno ambayo hayaumi yanapoingia, huuma yanapokaa. Neno hili lilikaa. Lilikaa kitandani, lilikaa kwenye sahani, lilikaa ndani ya sala likamsahaulisha rakaa. Nani wa kukutazama. Mwanamkisi alimaliza eda yake nalo, na siku alipotoka, wenziwe wakimngoja kwa udi na marashi, yeye aliulizia chokaa.

Alikuwa binti wa mjenzi. Mikono yake ilijua. Alichoma matumbawe, alikoroga chokaa, alibeba mawe kwa kichwa chake. Akaupanda mgongo wa baba yake, ule mgongo wa kisigino, akaweka jiwe la kwanza. Jiwe juu ya jiwe, tusi juu ya tusi, mpaka ukuta ukamfika kifuani, kutoka mashariki hadi magharibi, nusu ya kibla huku, nusu ya kusi kule. Akasimama akautazama. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu msiba, na utulivu ule ulikuwa mtamu kuliko inavyofaa.

Masika yakaja. Yakaja na kusi lake, na vishindo vyake, na kila mtu wa Ndau akajifungia ndani kama desturi, maana anayetembea kwenye mvua ya kusi huulizwa habari za akili zake. Mvua ilipokatika Mwanamkisi alifunua kifuniko cha birika lake akachungulia. Maji yalikuwa pungufu. Hayakuwa machache ya kutisha, lakini yalikuwa pungufu, na upande wa pili wa ukuta alimsikia Radhiya akimwambia mumewe, kwa sauti ya kusikiwa, kwamba mwaka huu birika limefurika mpaka maji yanamwagika bure.

Unafikiri nini wewe, ukisikia hivyo? Mwanamkisi alifikiri hivyo hivyo.

Mwaka wa pili aliupandisha ukuta ukampita kichwa. Alisema kama ni ndoo wanayovusha juu, sasa haitavuka. Masika yakaja, na maji yakapungua zaidi. Kaskazi ilipofika alikuwa amekwisha kukwangua birika kwa kata, akawa anateka maji ya kisima cha chumvi, akiyapikia, akiyanywa, midomo ikimpasuka. Na upande wa pili Radhiya alifua. Alifua mchana kweupe, alifua nguo zisizo na uchafu, aliyamwaga maji ya kusuuzia kwa kishindo, akaimba.

Mwaka wa tatu alitaka kuuacha. Kweli alitaka, hasira nazo huchoka. Kulikuwa na juma moja zima ambalo aliutazama ukuta ule akauona mzigo, akawaza kwenda kwa dada yake na sahani ya mkate wa mofa. Asubuhi ya Jumatatu alitoka uani akakuta kikoi cha Gharib kimeanikwa juu ya ukuta, upande wake, kinamdondokea. Kikoi cha mwanaume, juu ya ukuta wa mjane. Alikitupa kwa fimbo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kukoroga chokaa.

Mwaka ule serikali ilimleta Ndau mzungu mpimaji, na chombo chake cha miguu mitatu, akichungulia kwa jicho moja, akipiga kelele kwa watu wake wasogee kulia, wasogee kushoto. Alipima mwinamo wa pwani. Alipima wapi ulipo mlima na wapi ulipo mlango wa bahari. Wanawake walimtazama kupitia nyufa za milango wakacheka. Mwanamkisi hakucheka. Aliwaza kwamba kama mgeni anaweza kukipima kisiwa kizima kwa jicho na uzi, yeye binti Famau hashindwi kuupima ua wake. Akaingia ndani akatoa timazi la baba yake, ile risasi iliyofungwa kwenye uzi, nayo bado ina chokaa ya mikono ya marehemu.

Alipima kwa chuki, na chuki hupima vizuri. Aliteremsha timazi ubavuni mwa ukuta, mwanzo, kati na mwisho. Ukuta ulikuwa wima kama alifu. Alijaza bakuli maji akaliweka sakafuni, akaona ukingo gani unalowa kwanza. Ulilowa ukingo wa kibla, upande wake. Alichukua ndimu. Akapiga magoti juu ya sakafu iliyochomwa na jua, magoti yakiungua, akaiachia ndimu penye mgongo. Ikaondoka. Ikaenda kwa mwendo wa bibi harusi, polepole, bila kugeuka, ikadumbukia katika birika lake mwenyewe, na birika likaitika kwa sauti ya utupu.

Alilia pale. Alilia kwa sababu baba yake alikuwa mkweli, na ukweli wa baba haukumsaidia kitu.

Basi sakafu haikuiba, alisema. Ukuta haukuinama. Amebaki binadamu.

Ndipo alipoyatoa maneno nje. Kisimani, mbele ya wanawake wenye mitungi, alisema Gharib ametoboa tundu chini ya ukuta; mvua ikinyesha na watu wakijifungia, yeye hulizibua, maji yakaenda kwake, kisha hulitia udongo. Gharib alilisikia hilo msikitini, mahali pabaya pa kusikia jambo kama hilo. Alikuwa mtu mpole, mshona matanga, mwenye mabega yaliyoinama kwa kazi. Aliapa mlangoni mwa msikiti, akasema hajatoboa, hajagusa, hajui. Wengine walimwamini. Wengine walimwamini Mwanamkisi. Wengine, wajuao methali, walikumbushana kwamba ndugu wakigombana mtu huchukua jembe akalime, wakaenda kulima.

Naye Radhiya? Radhiya hakuapa wala hakukana. Alisema tu kwamba mwenye ukuta ni mwenye ukuta.

Maji hayana undugu. Maji hufuata mwinamo. Na chuki, enyi wa nyumba mbili na ua mmoja, chuki nayo hufuata mwinamo, ikipata mahali pa kuteremkia haisimami njiani.

Mwanamkisi alikwenda kwa Mwalimu Jeilani, msomesha Kurani wa kijiji. Alikaa nyuma ya pazia, buibui mpaka machoni, akasema anataka isomwe Halbadiri.

Halbadiri si dua ya kuombea mvua wala ya kuombea mtoto. Huwataja watu wa Badri mmoja mmoja, na huachiwa imtafute mwenye kudhulumu popote alipo, ndani ya nyumba, ndani ya mwili. Watu wa visiwa wanaijua. Yuko aliyeiba ng'ombe akavimba tumbo, yuko aliyeapa uongo akapooza mkono, na ambao hawakuona kwa macho waliona kwa masikio. Mwalimu aliuliza kama hakuna njia ya wazee kukaa. Mwanamkisi alisema hakuna. Aliuliza kama anamjua mwizi. Alisema anamjua. Mwalimu akamwambia basi asimtaje jina, ataje dhuluma tu, kwa maneno yake mwenyewe, nayo itasomwa kwa maneno hayo.

"Mwenye kuyazuia mai yangu," alisema Mwanamkisi, "yamfike."

"Bi Mwanamkisi, hii haina ndia ya kurudi ila moja," alisema Mwalimu. "Mwenye kosa asimame mbele ya watu aseme, 'Ni mimi.' Kama hakusema, mimi siwezi kuizuia, wala wewe."

Alikubali. Ikawekwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Habari zikazunguka kijiji kizima kabla mwalimu hajamaliza kukunja mkeka.

Mwanamkisi alingoja kuona hofu upande wa pili. Alingoja kusikia minong'ono, kilio, mguu wa mtu anayekuja kuomba msamaha. Hakusikia. Alisikia Radhiya akicheka, kisha akifua. Alhamisi asubuhi kikoi kikarudi juu ya ukuta, kinadondoka, kweupe, kinamtazama. Ee moyo wa mwanadamu, hakika kikulacho ki nguoni mwako. Kufika jioni ukuta ulikuwa umepanda tena, kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na chokaa yake ya juu bado mbichi.

Ijumaa wingu lilisimama kusini tangu asubuhi, zito, jeusi upande wa chini. Masika yalikuwa yamechelewa. Watu walitazama juu wakafurahi, wakatazamana wakakumbuka dua ya alasiri, wakaacha kufurahi. Adhana ilipoita, wanaume waliingia msikitini, na Gharib aliingia wa kwanza akakaa mbele, kila mtu amwone. Matone ya kwanza yalianguka imamu alipokuwa akifunga sala. Kisha kusi likajitupa juu ya kisiwa, na mvua pamoja nalo.

Milango yote ikafungwa, isipokuwa mmoja. Mwanamkisi alijifunga kaniki, akatoka. Alikuwa ameapa moyoni kwamba leo, saa ile ile itakaposomwa dua, atalikamata tundu kwa macho yake na mkono wa Radhiya ndani yake. Alikimbia mpaka chini ya ukuta, akachutama, akapapasa mawe kwa viganja, jiwe baada ya jiwe, akitafuta penye unyevu.

Hapakuwa na unyevu.

Alipapasa tena. Mvua ilikuwa ikinguruma, sakafu nyuma yake ikipigwa kama ngozi ya ngoma, na mawe aliyoyashika yalikuwa makavu. Akashika kaniki yake: imelowa njiani, lakini hakuna tone jipya. Akashika uso wake. Akatazama chini, na pale alipochutama vumbi la kaskazi lilikuwa bado limelala, jeupe, lenye nyayo zake.

Akainuka. Akarudi nyuma hatua, hakuna tone. Akarudi hatua nyingine, hakuna tone. Mwishowe tone lilimpiga utosini, akasimama hapo hapo, akainua macho.

Mvua haikuwa ikianguka. Ilikuwa ikija. Ilikuja kutoka kusini ikielekea kibla, nyuzi kwa nyuzi, zote zimelala upande mmoja, zote kwa mwinamo mmoja, na ukuta wake ulizikata. Zilizopita juu ya ncha zilimpiga utosini, zikatua nyuma yake. Zilizokuja chini ya ncha ziligonga ukuta upande wa pili, na sasa alizisikia, mbona hajawahi kuzisikia, zikigonga, zikiteremka kwenye mawe, zikikusanyika, zikikimbia kwenda kwa Radhiya. Alivuta kwa jicho mstari mmoja, kutoka ncha ya ukuta, kupitia utosi wake, mpaka sakafuni nyuma yake. Hakuhitaji ndimu. Hakuhitaji timazi. Karibu nusu ya sakafu yake ilikuwa chini ya mstari huo, kavu, salama, isiyo na tone.

Ukuta wa kifuani ulikula ukanda. Ukuta wa kichwani ulikula zaidi. Kila jiwe alilopandisha kumzuia mwizi lilikuwa linamzuia Mungu asimpe. Na miaka yote hiyo alikuwa akijifungia ndani wakati wa mvua, akitoka baada yake kuchungulia birika. Alikuwa amepima sakafu, amepima ukuta, amepima watu. Mvua yenyewe hakuwahi kuitazama.

Marehemu baba yake naye hakuipima. Aliacha mgongo wa kisigino, mvua ipite juu yake itakavyo, itoke kusini au itoke popote. Haikumjia kuwa binti zake watataka kusimamisha kitu hapo.

Aliona aibu kwanza. Ilimpanda kutoka miguuni, moto, mpaka masikioni. Kisha akayakumbuka maneno yake, aliyoyachagua mwenyewe nyuma ya pazia. Mwenye kuyazuia maji yangu, yamfike. Hapo aibu ikageuka baridi.

Angeweza kukimbia. Msikiti haukuwa mbali. Katika kisiwa kile hakuna kilicho mbali. Lakini kukimbia ni kwenda kusimama mlangoni, mbele ya wanaume wote wa Ndau, mbele ya Gharib, na kusema ni mimi. Miguu haikukubali. Mikono ndiyo iliyokubali. Alichukua mtaimbo uliokuwa mlangoni, akapanda juu ya rundo la mawe lililobaki kando ya ukuta, akachokonoa chokaa ya jana. Bado ilikuwa mbichi, ikaachia. Mawe ya juu yakaanguka, kisha ya chini yake, yakavunjika sakafuni, na penye pengo mvua ikaingia ikampiga usoni kwa miaka yote aliyokuwa ameikosa.

Na ndani ya pengo, upande wa pili, alikuwapo Radhiya.

Alikuwa amesimama kwenye mvua, mikono amefumbata, maji yakimtiririka kwenye kope, karibu na mdomo wa birika lake lililokuwa likijaa kwa kishindo. Hakushangaa. Alikuwa mtu aliyetoka kuangalia mali yake. Hawakuwa wameonana uso kwa uso tangu siku ya mchele, na kila mmoja alimwona mwenzake amezeeka, na kila mmoja alifurahi kidogo kwa hilo.

Mwanamkisi aliona usoni mwake kwamba alikuwa akijua. "Uliyua," alisema.

"Naliyua tangu masika ya kwanda."

"Na hukunambia."

"Mai sikuyaiba," alisema Radhiya. "Mai umenipa wewe, kwa mikono yako."

Mwanamkisi akaelewa kikoi. Akaelewa nyimbo, na nguo safi zilizofuliwa, na kile kicheko cha kusikiwa. Kila hasira yake ilipotaka kulala, mkono wa Radhiya uliiamsha, kwa sababu kila ilipoamka yeye alipandisha jiwe. Alikuwa akichukiwa kwa mpango, kwa subira, kama mtu anavyofuga kuku. Mtaimbo ulikuwa mkononi mwake, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, aliupima uzito.

Ndipo sauti ilipopanda kutoka msikitini.

Ilipanda chini ya mvua, nyororo, ya watu wengi kwa pamoja, ikianza kutaja majina. Halbadiri ilikuwa imefunguliwa. Na Mwanamkisi, aliyekuwa akimtazama dada yake kwa jicho la kuua, aliona jambo asilolitazamia. Aliona uso wa Radhiya unabadilika. Mikono iliyofumbatwa ilifumbuka. Macho yalikwenda msikitini, yakarudi, yakaenda tena.

Maana Radhiya hakuwa na hofu na dua ya kumkamata mwenye tundu. Tundu halikuwapo. Lakini sasa jambo lilikuwa limesemwa, kwa kinywa chake, mbele ya mwenye maji. Ni nani mwenye kuyazuia? Aliyejenga bila kujua, au aliyejua akachochea ujenzi? Hakuna mwalimu pale wa kumwuliza. Palikuwa na mvua, na ukuta uliobomoka katikati, na majina yakipanda moja baada ya moja.

Mmoja wao angekimbia, ingetosha. Mmoja angefika mlangoni akasema, ni mimi, na vitabu vingefungwa, na mwingine angekuwa huru. Wote wawili walilijua hilo. Na kwa sababu wote wawili walilijua, hakuna aliyeinua mguu. Atakayekimbia ndiye mwizi. Atakayekimbia atamwachia mwenzake ua mzima, na kicheko, na neno la kusema kisimani mpaka kufa. Nenda wewe, yalisema macho ya Mwanamkisi. Nenda wewe, yalijibu macho ya Radhiya, mwenye ukuta ni mwenye ukuta. Mvua iliwapiga sawasawa, kwa mwinamo ule ule, yule mkubwa mgongoni, yule mdogo usoni.

Majina yalikwisha. Kisha wanaume wa Ndau wakaitikia, "Amin," kwa pamoja, ikapita juu ya makuti na juu ya mawe, ikaingia uani. Na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya Gharib, ambaye hakujua lolote, na aliyetaka kila mtu amsikie.

Radhiya alikaa chini, juu ya sakafu, kwenye maji yanayotembea. Mwanamkisi alishuka akaingia ndani, akafunga mlango.

Masika yale yalikuwa mazuri. Watu wa Ndau bado huyataja. Mvua ilipita penye pengo la ukuta siku baada ya siku, ikatua nusu ya kibla, ikatua nusu ya kusi, ikafuata mwinamo wa Bwana Famau pande zote mbili, polepole, bila kugeuka, hata mabirika yote mawili yakajaa mpaka mdomoni.

Hakuna aliyeyanywa maji hayo. Inasemwa kwamba dua ile humwingia mwenye kosa kwa njia ya kile alichokidhulumu, na hapa ni maji, na mwenye kosa hakujitaja. Wazee waliuliza, Mwalimu Jeilani alibisha hodi kwenye milango yote miwili, Gharib alimsihi mkewe usiku na mchana pasipo kuelewa anamsihi nini. Radhiya alisema anayejijua aende. Mwanamkisi alisema vivyo hivyo.

Kaskazi imerudi sasa, na wingu limekimbia. Mwanga unashuka mweupe uani, unapenya vifuniko vilivyoachwa wazi, unapiga maji yaliyotulia, unarudi kuchezacheza juu ya mawe ya ukuta uliobomoka, mzuri wa kumfanya mtu alie. Maji yamejaa tele. Na dada wawili hupita kando yake kila alfajiri na mitungi yao, midomo imepasuka, wakienda kuteka kisima cha chumvi, kila mmoja kwa njia yake.